Kitanda cha Kamba Hakitaki Umeme

Pugu, 20 Mei 2025

Mke mwenzangu Tunu,

Marahaba. Najibu shikamoo yako kabla hujaiandika, maana nakujua.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imenishinda. Mjomba wako Suleiman ananiwekea sikioni, nasikia mvumo tu kama feni mbovu, kisha anaipokonya na kunijibia, na nyumba nzima inasikiliza mambo yangu. Masikio yamekwenda lakini macho yapo, na kuandika nilikofundishwa kwenye elimu ya watu wazima bado sijakusahau. Barua atakuletea Edgar, yule konda wa basi la huko Makete. Salma, mke wa mjomba wako, atampelekea stendi ya Mbezi.

Shida yangu ni baridi. Usinicheke! Najua nyie walimu wa huko mnaamka majani yameganda, mnatuona sie watu wa Dar tunadeka. Lakini Pugu si Temeke. Temeke nimekaa umri wangu wote na mume wetu, Mungu amrehemu babu yako Mwishehe, na kipupwe kikiingia tulikuwaga na khanga moja kila mtu, basi. Hapa kilimani upepo unashuka kutoka msituni na nyumba ya mjomba wako ina vigae kila mahali. Ukishusha mguu alfajiri, unaurudisha juu bila kuamriwa.

Mwaka jana kipupwe kilinikamata kifua nikalazwa, unakumbuka. Mwaka huu Suleiman ameshatoa amri yake. Nikikohoa tena, nahamia chumba cha wajukuu kwenye kitanda cha ghorofa, na kitanda changu cha kamba kinatoka nje, eti kinapitisha upepo kwa chini. Tunu, mie nilale chini ya miguu ya mtoto wa darasa la tatu? Kitanda hicho ndicho nilichozalia watoto wangu wote, mama yako akiwemo. Mie sitoki, nacho hakitoki.

Sasa wewe mjuzi wa baridi niambie, watu wa huko wanatandika nini? Salma kaniletea blanketi la manyoya lenye picha ya chui. Zito hilo! Linanikalia kifuani usiku kucha na baridi ya chini inapanda vilevile. Nataka kitu cha kunipa joto.

Ni mimi mwenye mume,
Bibi Mwanaheri


Makete, 28 Mei 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiandika hata kama umeshaijibu. Na mume alikuwa wangu, wewe ulinishikia tu mpaka nikue.

Sijakucheka, Bibi. Nilichofanya ni kukaa kitako na barua yako na kukumbuka Temeke. Unakumbuka nilivyokuwa nalala ukutani na wewe ukingoni, na kitanda kilivyokuwa kinabonyea mpaka tunabingirika wote katikati? Nilikuwa nalalamika kuwa unanibana. Huku Makete nina kitanda cha mbao kilichonyooka, hakuna anayenibana, na usiku najikunja peke yangu mpaka magoti yanagusa kidevu.

Kuhusu baridi, wazee wa hapa wanapenda chupa ya mpira. Unaijaza maji ya moto, unafunga kizibo, unaivalisha soksi yake na kuiweka miguuni. Nimempa Edgar akuletee moja. Lakini sisi walimu tumehamia kwenye blanketi la umeme. Lipo la kutandika chini ya shuka na lipo la kujifunika. Kwako naona la kutandika ndilo litakufaa, maana baridi yako inatoka chini. Lina namba za kuongeza na kupunguza joto, na ukipitiwa na usingizi linajizima lenyewe. Nimeshaliagiza. Wakati unalisubiri, tumia chupa.

Mwambie mjomba asithubutu kugusa kitanda kabla sijamaliza kazi yangu.

Mwenye mume halali,
Tunu


Pugu, 14 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Idi imepita salama. Suleiman alichinja mbuzi, wakachoma mishikaki uani mpaka majirani wakaja bila kuitwa. Sie tumeshiba.

Chupa yako niliipokea. Mwanzoni nilikusifu sana. Miguu ilipata raha nikasema huyu mtoto nimemlea vizuri. Ilipofika alfajiri, chupa imepoa, nimelala na kitu cha baridi chenye unyevu kwenye nyayo, utadhani nimewekewa samaki. Nikaipiga teke ikaanguka. Salma akaja mbio akidhani ni mie niliyeanguka. Tangu hapo ipo juu ya kabati.

Na hilo la umeme, mwanangu, linanitia hofu. Umeme ni wa taa na pasi. Mtu akishalala juu ya waya anakuwa chapati. Halafu kuna jambo moja la sie wazee ambalo siliandiki, lakini wewe umenifulia mashuka, unalijua. Maji na umeme vinapatana wapi?

Zamani hatukuwa na haya yote na joto tulilipata. Nimekaa hapa nakumbuka arobaini zangu. Mzazi alikuwa halazwi hivihivi. Unalazwa kwenye kitanda cha kamba, mkunga anasukuma jiko la makaa chini yake, na moto unapanda taratibu kwenye mgongo mpaka mifupa iliyoachana inarudiana. Asubuhi unakandwa kwa maji ya moto yenye majani, unafungwa tumbo, unarudi kitandani juu ya moto wako. Mama yako alizaliwa Aprili, katikati ya masika, Temeke nzima matope, na mie juu ya makaa nikajiona mke wa sultani. Nyumba yenyewe unaijua, bati halikugusa ukuta. Paka wa jirani walikuwa wanapita hapo juu wanatuchungulia.

Basi usijisumbue sana na blanketi lako. Siku hizi nalala vizuri. Suleiman hajasikia kikohozi, anashangaa. Ila naamka na kichwa kizito na moyo unachafuka kidogo, nadhani ni hizi nyama za Idi.

Mke mkubwa,
Bibi Mwanaheri


Makete, 19 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba unalala! Nilisoma sehemu ile kwa sauti mbele ya walimu wenzangu. Hicho kichwa kizito kitakuwa ni presha, Bibi. Punguza chumvi, na mwambie Anti Salma akupeleke ukapimwe.

Blanketi limefika na nimempa Edgar. Usiogope. Waya haubebi umeme mkali wa ukutani, kuna kisanduku njiani kinachoupunguza. Na kuhusu lile jambo usiloliandika, nimekuwekea mpira wa kutandika juu yake, hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Nina tatizo moja, na nimeligundua nikiwa nalifunga. Karatasi ya maelekezo inasema litandikwe juu ya kitu kilichonyooka. Likikunjika, waya wa ndani unaweza kukatika na kuunguza. Na kitanda chetu, Bibi, kinabonyea katikati. Tafadhali usilichomeke mpaka mjomba atafute ubao wa kuweka juu ya kamba, au tulibadilishe kwa lile la kujifunika.

Nilipokuwa nasoma habari ya arobaini nilitamani niwe nimezaliwa zamani. Nani atanikanda mimi siku yangu ikifika? Huku mzazi akitoka hospitali anapewa uji na pole.

Wako,
Tunu


Pugu, 27 Juni 2025

Tunu,

Blanketi limefika, rangi yake nzuri. Karatasi kaisoma Suleiman, akafurahi huyo! Kumbe alikuwa anatafuta sababu. Anasema umeme umekataa kitanda cha kamba, kwa hiyo fundi ataleta cha mbao, futi tano kwa sita, na changu kitakatwa kuni. Nimemwambia alirudishe blanketi kwenye boksi. Mie nina njia yangu ya zamani na inanitosha.

Mkono unatetemeka leo, utaona mwandiko. Chakula hakipandi. Presha nimepimwa, haipo.

Nina ombi dogo. Nasikia huko kwenu kuna makaa ya miti ya miwati, mazito, hayana moshi wala cheche. Nitumie kiroba kimoja kwa Edgar. Mwambie akikabidhi mkononi mwangu, asimpe Salma.

Bibi


Pugu, 4 Julai 2025

Tunu mwanangu,

Nami leo najaribu hizi barua zenu, maana kwa simu nimeshindwa kukusimulia, kila nikianza nalia. Mjomba wako ndiyo kabisa, hataki hata kuulizwa.

Ulipopiga simu asubuhi ile, nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Ukaniuliza, "Anti, nyumba nzima mnapikia gesi, Bibi makaa ni ya nini?" Nikacheka. Nikakwambia Bibi yupo kalala, tangu alfajiri hajatoka. Wewe ukapiga kelele, "Fungua dirisha lake!" Sijawahi kukusikia ukinipigia kelele, ndiyo maana nikakimbia.

Mlango haukusukumika. Alikuwa ameviringisha khanga akaiziba ile nafasi ya chini ili harufu isitoke koridoni. Nilimwita Ismail jirani, tukausukuma kwa bega. Kule ndani kulikuwa na joto, Tunu, joto zuri kabisa, na yeye amelala chali amejifunika vizuri, uso una rangi kama wa mtu aliyetoka kuoga. Nilimtingisha hakuamka. Ismail akambeba mpaka nje, nami nikavuta vile vioo vya dirisha. Chini ya kitanda lilikuwepo lile jiko letu la mishikaki. Mie nilidhani limeibiwa baada ya Idi! Alikuwa analiwasha nyuma ya banda la kuku wakati sie tumekaa na tamthilia, makaa yakishakolea anapita nalo mlango wa uani.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alituuliza kama chumba kina matundu. Nyumba kaijenga mjomba wako mwenyewe, dari la jipsamu, madirisha ya alumini, hata mbu hapati pa kupita, na alikuwa akijisifia hivyo kwa kila mgeni.

Amerudi nyumbani tangu juzi. Anakula, anatembea, ila hasemi na mtu. Kitanda chake Suleiman alikitoa uani siku ileile akataka kukichoma moto, nikamwambia subiri kwanza. Nimekifunika turubai. Bibi amelazwa chumba cha watoto, kitanda cha chini. Kutwa amegeukia ukuta.

Mwandikie wewe. Wewe ndiye anayekusikiliza.

Anti yako,
Salma


Makete, 10 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo.

Nimekasirika na nitakuambia kwamba nimekasirika. Ulinidanganya. Uliniambia unalala vizuri, nami kwa ujinga wangu nikakuandikia habari za chumvi. Nilifurahi mbele ya watu, Bibi, wakati ulikuwa unakufa kidogokidogo na mimi nakusifu.

Hapa Makete nilikuwa na jirani, Auleria, muuza maparachichi. Mwaka juzi alilala na jiko ndani, yeye na mwanawe, kwa sababu ya baridi tu. Tuliwakuta wamekumbatiana. Makaa hayaumi wala hayakohozi, yanakulaza tu. Temeke mlisalimika kwa sababu ya ile nafasi waliyokuwa wakipita paka. Nyumba ya mjomba haina pa kupita paka. Ni hilo tu. Wewe hukukosea kuwasha moto, umewasha moto uleule kwenye nyumba nyingine.

Nilipoisoma barua yako ya makaa nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la mtihani, wale wasiopewa likizo. Edgar alinipa asubuhi njiani, nikaifungua wanafunzi wakinakili ubaoni. Nilitoka nje bila kuwaaga. Anti alipokimbilia kwako, simu ikawa inaita na haipokelewi, nilikuwa nakuomba usife, nakuomba kwa sauti, watoto wananichungulia dirishani.

Mjomba nimezungumza naye. Amekubali kitanda kirudi chumbani kwako kama jiko litaondoka kabisa kwenye ile nyumba. Nami nimelibadilisha blanketi. Hili ni la kujifunika, halijali kitanda kimebonyea au kimenyooka. Anza na namba moja. Lile la kutandika Anti Salma amrudishie Edgar.

Ila nijibu kitu kimoja, na unijibu kweli. Ulikuwa na blanketi la chui, una chupa, una la umeme ndani ya boksi. Ungeniambia hata neno moja ningekutafutia kingine. Kwa nini uliling'ang'ania jiko mpaka ukaziba mlango?

Nakupenda. Usinifanyie tena.

Tunu


Pugu, 24 Julai 2025

Tunu mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikakasirika, nikaiweka. Nikaisoma tena kesho yake nikalia, hasa hapo kwa watoto dirishani. Nisamehe, nimekutia aibu mbele ya darasa.

Kitanda kimerudi. Suleiman amekibeba mwenyewe upande mmoja, Ismail upande mwingine, na alipokiweka chini akakaa juu yake na kulia. Mtu mzima, ana mvi! Nikamwacha alie. Naye amezaliwa hapohapo, asijione mgeni. Jiko kampa jirani wa mbali nisije nikaliomba. Na fundi amekuja kutoboa matundu juu ya madirisha, ingawa hakuna tena wa kuyahitaji.

Blanketi la kujifunika nimelipokea. Salma alinifundisha vitufe mpaka nikamfukuza. Nalala kwa namba mbili. Miguu ina joto, kifua kimetulia, na sijawa chapati. Nakushukuru sana. Ulichagua vizuri.

Sasa swali lako. Nilitaka nilikwepe, lakini nimekudanganya mara moja inatosha.

Kitanda hiki alikiwamba Mwishehe kabla hatujaoana. Akitoka kazini bandarini alikuwa anakaa kibarazani kwa mama yake anasokota kamba za makumbi, na kila kamba aliipaka mafuta ya nazi isikatike upesi. Baadaye kila zilipolegea alizikaza na kuzipaka tena. Mara ya mwisho alizikaza mwaka uleule aliofariki, mikono imeshakosa nguvu, ananiambia nishike huku nivute.

Wakati wa arobaini mume haruhusiwi kuingia kwa mzazi. Zilikuwa siku ndefu hizo, mie ndani na yeye nje, na yeye hakuwa mtu wa kuita wala kuimba. Alikuwa anawasha makaa mwenyewe, hakumwachia mtu, anayaleta mpaka mlangoni, mkunga anayapokea na kuyasukuma chini ya kitanda. Moto ukishapanda, kamba zinapata joto na yale mafuta yanaanza kunukia. Makumbi, nazi, na kitu kingine ambacho sijui nikiite nini, ni mikono yake tu. Ikishakuja ile harufu nilikuwa najua Mwishehe amesimama nje ya mlango, anangoja mkunga atoke amwambie tumeamkaje. Basi nalala na mwanangu kifuani, sina wasiwasi na dunia.

Siku ile ya kwanza baada ya Idi niliwasha jiko kwa ajili ya baridi, wallahi tena. Sikukumbuka kitu kingine. Lakini nilipolala harufu ikaja. Miaka sita tangu tumzike, ikaja. Ningekuambia nini, Tunu? Kwamba nimempata babu yako? Ungesema bibi kachanganyikiwa. Na Suleiman angeliondoa jiko. Kichwa kikiuma asubuhi nilisema si kitu, jioni nitamsikia tena. Mlango niliuziba ili wasimsikie wengine.

Juzi wote walitoka, Salma sokoni, watoto shule. Nikalichukua blanketi lako nikalitandaza chini ya kitanda juu ya boksi lake, likagusa kamba, nikaliweka namba tatu. Nikaondoa godoro na mkeka, nikalala kifudifudi juu ya kamba tupu, pua imegusa. Nikangoja. Kamba zilipata joto, nilizishika, zilikuwa na joto kabisa. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hazikunukia. Nje ya mlango hapakuwa na mtu.

Nikashuka kitandani. Halafu nikainama, nikalitoa blanketi uvunguni, nikalikung'uta vumbi, nikarudisha godoro langu. Nikajifunika nikalala mpaka Salma aliporudi.

Bibi yako,
Mwanaheri